Mvua Yenu Haina Doa

9 Novemba

Mdogo wangu,

Kabla ya yote, mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu mwenye kitambi kama chako haulizwi swali hilo, lakini ameshikilia niandike hivyo hivyo, basi nimeandika. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, tunamtegemea mwisho wa wiki. Mwanangu, Kasuku wetu, hajambo, mdomo haupumziki. Mtoto wa miaka minne, jana kamsimamisha mwalimu mkuu njiani kumuuliza kwa nini viatu vyake vinalia. Nilitamani ardhi inimeze. Anasema ukija tena ana maneno na wewe, na kila siku anayaongeza.

Mvua zimeanza. Boksi hili lina chupa nne za mvua ya kupimwa, kila moja ina tarehe na saa yake. Ile faneli yako nyeupe juu ya mlingoti majirani wameibatiza jina: bwana harusi, kwa sababu haiguswi wala haisogelewi. Nimeiosha kwa yale maji yako ya maabara peke yake. Sijaipumulia. Sijajipaka manukato. Zile chembe zako zinazonuka kama dawa ya kikohozi nimezitia kwenye kila chupa kabla ya tone la kwanza. Mimi fundi cherehani, niliyezoea kukata uzi kwa meno, leo nashika chupa kama mtoto wa siku moja. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Halafu paa. Ile rangi uliyotuletea Agosti shemeji yako aliipaka mwenyewe, mara mbili, makopo yote sita. Unakumbuka mabati yalivyokuwa yameliwa na kutu. Sasa ukitazama kutoka barabarani utadhani hapa anakaa mkubwa fulani wa serikali. Watu wanauliza tumeipata wapi nyekundu nzito namna ile. Nawajibu nina ndugu. Kutoa ni moyo, mdogo wangu. Ahsante.

Sasa lililonikalisha chini niandike. Bomba la mtaa limekauka tangu Septemba na hakuna anayetuambia litafunguliwa lini. Nimeweka tangi chini ya mfereji, linakinga maji ya paa. Tunafulia, tunapikia. Je, tunaweza kuyanywa? Mama anasema mvua ni ya Mungu, haina haja ya kuulizwa. Lakini wewe ndiye unayeijua kwa ndani, nikaona nikuulize.

Dada yako


2 Desemba

Dada,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Mwambie nakula mpaka vifungo vya koti la kazini vimekata tamaa. Kasuku mwambie nami nina maneno naye, ajiandae.

Chupa zimefika nzima. Ya pili ndege alikuwa amemharibia bwana harusi suti yake, nimeitupa. Zile tatu nimezipima, na sasa kaa vizuri nikusomee.

Tuna vituo kumi na kimoja nchi nzima. Mvua ya hapa mjini inashuka na moshi wa magari. Ya pwani ina chumvi. Ya kule wanakochoma mashamba, hasa ile ya kwanza baada ya kiangazi, ina majivu na amonia, ukiinusa utaziba pua. Yenu, dada, ni maji. Ndiyo safi kuliko zote kumi na moja. Kitu kimoja tu: ni chachu kidogo. Usishtuke. Vitabu nilivyosomea viliandikwa kwenye nchi za baridi, na vinasema mvua ikiwa chachu, tafuta kiwanda. Huku kwetu unatafuta mti. Msitu ule ulio nyuma yenu unatoa asidi mbili ndogo: moja ni ile ile anayokuachia siafu akikung'ata, na nyingine ni ya siki. Zinapanda hewani, zinarudi na mvua. Ndiyo maana nakusumbua na zile chembe. Bila hizo vijidudu vinaila asidi yote njiani, na chupa inafika hapa ikijifanya mpole.

Mvua ya namna hiyo haina hata chembe ya chokaa ya kuituliza. Niliandika kwenye ripoti kwamba mvua ya msituni ina njaa: ikikutana na chuma inalamba chuma, ikikutana na jiwe inalamba jiwe. Mkurugenzi ameipenda sana sentensi hiyo. Ataisema kwenye mkutano wa nje, bila shaka kama yake.

Kuhusu kunywa, kunyweni bila wasiwasi. Wenzenu wananunua ya chupa dukani ambayo haifikii hiyo. Mvua yenu haina doa. Yeyote akiuliza, mwambie ndugu yako wa maabara amepima na amesema.

Nafurahi paa limependeza.

Mdogo wako


14 Januari

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama vidole vinakufa ganzi, ameshindwa hata kufunga vifungo vya gauni. Anasema ni uzee. Shemeji yako alikuja siku nne akaondoka, tumbo likimsokota, akalaumu vyakula vya njiani.

Barua yako ile niliisomea watu mlangoni. Hukuniambia nifanye hivyo, ila nilijiona. Tangu siku hiyo mke wa fundi baiskeli, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anachota ndoo moja kila asubuhi. Maziwa yamemkauka na mtoto wake hajafikisha miezi sita, kwa hiyo anakorogea hayo maji maziwa ya unga. Ananiombea dua kila akijitwika ndoo.

Kasuku haendi vizuri. Tumbo linamkata, choo hapati siku tatu, nne. Zahanati wamempa dawa ya minyoo mara mbili, sasa wanataka kumpa ya tatu. Chakula anakisukuma. Amekuwa na hasira ambayo si yake, anauma watu. Na juzi alikaa chini ya meza yangu ya kushonea mchana mzima bila kusema neno. Mwanzo nilifurahi, nikamaliza sare tatu. Baadaye nikainama kumtazama. Alikuwa hachezi na chochote, amekaa tu.

Katika boksi utaona chupa moja nimeifunga uzi mwekundu shingoni. Hiyo si ya bwana harusi, nimeikinga kwenye koki ya tangi. Najua umesema mvua ni safi. Nipimie tu hiyo moja, roho yangu itulie.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Nimeipata barua na boksi. Pole kwa mtoto, na mama umpake mafuta ya moto vidoleni.

Dada, kazi ni kazi. Kila chupa inayoingia hapa ina namba, na mashine ina daftari la zamu. Maji yaliyokwisha kugusa bati, mfereji na tangi si mvua tena. Kwa utaratibu wetu hiyo ni chupa iliyochafuka, na nikiipitisha nitaulizwa. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeitupa. Kwa kuwa ni yako nimeiweka kabatini. Chupa za Desemba na Januari nimepima zote, na jibu ni lile lile, mvua yenu bado inaongoza.

Minyoo ni minyoo, dada. Wape zahanati nafasi wafanye kazi yao. Na hivi kweli unalalamika kwamba Kasuku amenyamaza? Si wewe uliyekuwa unamwomba Mungu akupe hata nusu saa?

Mkurugenzi amenidokeza kwamba kuanzia Julai huenda nikawa mkuu wa kitengo. Usimwambie mtu bado. Mwambie mama tu.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo kwa hali yake. Shemeji yako ameomba ruhusa kazini, yuko hapa nyumbani.

Mtoto alipata degedege tarehe 24 Februari, asubuhi, nikimvalisha. Tumelala hospitali kubwa siku kumi na mbili. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la chuma nje ya wodi na kuhesabu vigae, maana kufikiri nilikuwa siwezi. Daktari ni binti mdogo, hana maneno mengi. Alipeleka damu mbali ikapimwe, na imerudi na jina ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa pamoja na mtoto: risasi. Si ya bunduki. Ni madini, yanaingia kwenye damu na kupanda kichwani. Anasema wakubwa huwashika vidoleni na tumboni, lakini watoto huwashika akili.

Akaniuliza maswali. Tunakaa karibu na wanaoyeyusha betri? Hapana. Tuna rangi mpya nyumbani? Nikamwambia paa. Akaweka kalamu chini. Akauliza tunakunywa maji gani, nikamwambia ya paa. Akasema niyaache leo leo mpaka yapimwe.

Mdogo wangu, nilimkatalia. Nilimwambia maji yetu yamepimwa. Nikatoa barua yako ya Desemba kwenye mkoba, ninatembea nayo, nikampa aisome. Aliisoma mara mbili. Akasema kama aliyepima ni mtaalamu wa mvua, basi tutafute kwingine. Kwa hiyo tunatafuta kwingine. Nimetupa vikombe vya rangi, penseli, betri za redio, bangili aliyopewa na bibi yake. Maji tunaendelea kunywa.

Lakini lipo jambo linanikaa kooni. Yale makopo sita hayakuwa na karatasi. Shemeji yako anakumbuka, na mimi nakumbuka, yalikuwa na alama za kukwanguliwa kwa kisu. Ni rangi gani ile? Uliitoa wapi? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Dada yako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Boksi limerudi. Chupa kumi na mbili tupu, zimeoshwa vizuri, zimefungwa moja moja kwenye karatasi. Nimekunjua kila karatasi nikazigeuza pande zote mbili. Hakuna barua.

Mama anasema labda unaumwa. Nami namwitikia, labda.

Mtoto alikuwa anajua rangi zote na majina ya nyumba zote za mtaa huu. Sasa anaonyesha kwa kidole.

Rangi ile ni rangi gani?

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Acheni maji ya tangi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mama, mtoto, shemeji, kila mtu. Mwambie na mke wa fundi baiskeli.

Juzi niliichukua ile chupa ya uzi mwekundu kabatini nikaipima. Risasi inayovumiliwa kwenye maji ya kunywa ni kumi kwa kipimo chetu. Ya tangi lenu imetoa mia nne na kumi. Nimekuwekea karatasi ya mashine humu ndani, umpe daktari.

Ile rangi ni ya zamani, iliyochanganywa na risasi, ya kuzuia kutu kwenye madaraja na mabomba. Ilikuwa stoo kazini kwetu tangu kabla sijaajiriwa, na ilikuwa imewekewa alama iteketezwe. Niliona ni hasara, rangi nzima nzima, na nyumbani paa linavuja kutu. Karatasi nilizikwangua kwa sababu zilikuwa na namba za stoo na mlinzi wa lango anazisoma. Naapa mbele ya Mungu, dada, niliwaza kutu tu. Risasi haikunipitia kichwani. Nilipima mvua. Mvua haikuwa na kitu. Mimi kazi yangu inaishia pale inapogusa faneli.

Sikuandika kwa sababu sikujua nianze vipi. Kila nilipokaa niliona uso wako.

Nina ombi, na najua sistahili kuomba. Watu wa afya watakuja, ni lazima waje. Wakiuliza rangi ilitoka wapi, sema ilinunuliwa kwa mchuuzi aliyekuwa anapita. Wakijua ilitoka stoo si Julai tu inayokwenda, ni kazi yote, na pengine na jela juu yake. Nikiwa kazini naweza kumsaidia mtoto. Nikiwa nje sitamfaa mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Tuangalie yaliyobaki.

Niambie kama nije.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Mama kasema barua haianzi bila salamu, kwa hiyo usalimike. Yeye amepewa dawa, vidole bado. Shemeji yako naye damu yake si nzuri. Yangu pia, ila mimi nilizoea kunywa chai kidogo.

Karatasi ya mashine nilimpa daktari kama ulivyosema. Aliitazama, akanirudishia, akaweka kidole juu kabisa, pembeni. Pale pana tarehe. Mashine yako inaandika tarehe yenyewe, haingoji mtu aiambie. Imeandika 22 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Juzi uliyoniandikia ilikuwa na zaidi ya miezi miwili. Uliipima siku mbili baada ya kuniandikia kwamba kazi ni kazi, na siku mbili kabla mtoto hajaanguka mikononi mwangu. Nilipokuandikia mwezi wa tatu kwamba nimemkatalia daktari kwa sababu ya barua yako, ulikuwa unajua. Uliposoma "maji tunaendelea kunywa", ulikuwa unajua. Ukaosha chupa kumi na mbili, ukazifunga moja moja, ukanirudishia. Kutoka ile tarehe hadi tarehe ya barua yako ni siku sitini na saba, na barua ilikaa njiani siku tano. Mtoto alikuwa anakunywa vikombe vitatu kwa siku. Hesabu hiyo naijua mimi nisiyesoma maabara.

Umesema risasi haikukupitia kichwani. Nakuamini kwa Agosti. Mtu anaweza kuwa mjinga Agosti. Lakini Desemba ulitukalisha chini ukatufundisha kwamba mvua yetu ina njaa, inalamba chuma na mawe, na mwisho wa barua hiyo hiyo ukasema unafurahi paa limependeza. Sijui uliandika kwa mkono upi.

Na usiniletee methali. Maji yetu hayakumwagika, tuliyanywa.

Watu wa afya walikuja, watatu. Waliuliza rangi ilitoka wapi. Nimewaambia. Kalamu yao ilikataa kuandika, nikaenda kuchukua yangu ya kuandikia vipimo vya nguo, nikaandika majina yako yote matatu, na jina la ofisi, na kwamba makopo yalikuwa sita. Wakauliza nani aliyewaambia majirani kwamba maji ni salama. Hapo nilisema mimi. Usidhani nakupakia yote. Rangi ni yako na kunyamaza ni kwako, lakini barua niliisoma mimi mlangoni, kwa kujiona, na ndoo nilimtwisha mimi jirani yangu. Mtoto wake amefikisha miezi tisa na shingo haijakaza. Mama yake alikuja, akasimama, akanitazama, akarudi kwake. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika.

Mabati tumeyashusha, wameyachukua. Tumelala chini ya turubai wiki ya pili. Mlingoti wa faneli nimeung'oa, na vyote vimo humu kwenye boksi. Mvua ya kwetu sasa mtaipima kwa kukisia.

Daktari anasema damu ya mtoto itasafika, polepole, kwa dawa. Nilimuuliza kuhusu maneno. Akasema yanayoharibika kwenye damu yanatibika, yanayoharibika kichwani tusubiri tuone. Akinitaka ananivuta gauni. Neno la mama analijua, naona analitafuta, midomo inajipanga, halafu anachoka.

Umeuliza kama uje. Njoo. Sitakufukuza, wala shemeji yako hatakugusa, nimeshaongea naye. Usilete kitu chochote. Utakaa naye kwenye mkeka, wewe na yeye, umweleze mwenyewe mambo ya mvua na siafu na siki, na ile chupa, na ile tarehe, polepole, kama ulivyotueleza sisi. Atakusikiliza mpaka mwisho. Kukukatiza hawezi tena.

Dada yako